Faili Halimsubiri Mtoto

Fundi hakuwa mjinga. Nalitanguliza hilo kwa sababu visa vya mafunzo vina tabia mbaya ya kumfanya anayekosea aonekane zuzu, msomaji akacheka, akafunga gazeti akiamini kwamba yeye hayatamfika. Huyu alikuwa fundi pikipiki mwenye kibanda chake kando ya stendi. Risiti za vipuri alizihifadhi mwaka mzima kwenye kopo la maziwa ya unga, na mteja akija kubisha kuhusu klachi iliyofungwa miezi mitatu nyuma, alimtolea karatasi, ubishi ukaisha. Kwa pikipiki za watu alikuwa na ushahidi. Kwa mwanawe hakuwa nao.

Kisa chenyewe ni cha kutunga. Nimekisuka kwa mambo yanayotokea, lakini Fundi na mkewe hawapo, na hospitali yao ya wilaya, huku Tanzania Bara, usijisumbue kuitafuta. Nitakapofika Nakaseke, Mityana na Bungoma nitakuwa nimetoka kwenye utunzi. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Mkewe alifika leba saa mbili usiku, mimba ya kwanza, beseni mkononi na ndani yake khanga, pamba, glovu na wembe. Nesi akampima, akamwambia njia imefunguka sentimita 5. Saa sita usiku akampima tena: 7. Saa kumi alfajiri: 8. Usiku ule nesi alikuwa mmoja na kina mama walikuwa tisa. Baada ya kipimo cha alfajiri alitoka na simu sikioni, akarudi, akatoka tena, akarudi amekunja uso. Saa moja na nusu zamu ikabadilika. Daktari akaingia saa mbili na nusu. Mtoto akazaliwa saa tatu asubuhi, na hakulia. Wakambana na barakoa na kumpulizia hewa kwa mfuko, kisha wakamkimbiza chumba kingine. Siku ya pili alipata degedege. Siku ya sita wakapewa ruhusa, wakarudi nyumbani na mtoto hai, na ndugu wakashangilia, kama ilivyo haki yao.

Ila kulikuwa na neno lililorudi nao. Nesi wa zamu ya asubuhi alikuwa amemwambia mzazi, mbele ya mama mkwe, kwamba hakusukuma, alibana mapaja. Anayeijua leba analijua neno hilo. Ni jibu jepesi kuliko yote, linapatikana hata bohari ya dawa ikiwa tupu. Mama mkwe alilibeba akalipeleka ukoo mzima. Tangu siku hiyo, kila mtoto alipochelewa kufanya jambo, macho yalimgeukia mama yake. Naamini maneno ya namna hii huzika malalamiko mengi kuliko hila yoyote ya wanasheria, maana mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa nyumbani haendi kudai haki hospitalini.

Mtoto alifika miezi tisa shingo haijakaza. Wakaambiwa wapo watoto wazito. Wakaambiwa wamkande. Baba mkubwa alisema ya Mungu ni mengi, na kwa hilo hakukosea. Alikosea alipoongeza kwamba basi hakuna la kuuliza. Mwishowe walifika hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa daktari wa watoto. Akamshika mtoto, akamgeuza, akamkunja miguu, kisha akauliza kama wana karatasi zozote za kujifungua.

Walikuwa nazo. Kadi ya kliniki na fomu ya ruhusa zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimekunjwa mara nne, zimekaa chini ya godoro miezi yote tisa. Daktari akainyoosha fomu mezani kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Alama za Apgar: 3 katika dakika ya kwanza, 5 katika dakika ya tano, kati ya 10. Ni kipimo kilichobuniwa na daktari wa Marekani, Virginia Apgar, miaka ya mwanzo ya 1950: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, kustuka anapoguswa, ukakamavu wa misuli, kupumua. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, kisha hujumlishwa. Mtoto aliyezaliwa vizuri hupata 7 na kuendelea. Wa kwao alitoka amechoka sana, na hospitali yenyewe ilikuwa imeyaandika hayo kwa wino wake, ikayapigia muhuri, ikawakabidhi.

"Mtindio wa ubongo," daktari akasema. Kisha akasema jambo ambalo Fundi hakutaka kulisikia. Si kila mtindio wa ubongo unatokana na kuzaliwa. Upo unaotokana na mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake, manjano iliyokithiri, maambukizi, au hitilafu iliyoanza tumboni kabla ya uchungu. Alama za chini za Apgar zinaonyesha mtoto alitoka katika hali mbaya. Peke yake hazisemi ni nani aliyemfikisha hapo. "Kama mnataka kujua," akamalizia, "tafuteni faili la leba. Tafuteni mapema."

Fundi alisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Jioni ile ile alikaa kibandani akafungua simu. Alikuwa na picha ya nesi wa usiku. Aliipiga mwenyewe siku ya ruhusa, nesi alipopita wodini kumjulia hali mtoto kabla ya kuingia zamu. Katika picha amempakata na anatabasamu kwa uchovu. Fundi akaiweka Facebook na kwenye makundi matatu ya WhatsApp, jina lake, kituo chake cha kazi, na juu yake neno MUUAJI, ingawa hakuna aliyekufa. Kufika asubuhi picha ilikuwa imezunguka wilaya.

Niseme wazi kwamba hasira ile naielewa. Na niseme wazi vilevile kwamba ndiyo iliyoiua kesi yake, au nusu yake. Nesi alihamishiwa zahanati ya mbali ndani ya mwezi. Uhamisho huo ulimtuliza Fundi kwa muda, akadhani hatua zimechukuliwa. Hospitali nayo ilipata nafuu: mtu wa kulaumiwa amepatikana, ameondoka, tuendelee. Kisha Fundi akaitwa polisi kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akaandikisha maelezo, akafuta picha, akarudi nyumbani akiwa yeye ndiye mshukiwa.

Wakati wote huo hakuna aliyemuuliza nesi alikuwa anampigia nani simu alfajiri ile.

Nchini Uganda liko shauri linalofanana na hilo kwa namna ya kuumiza. Mwaka 2011, katika hospitali ya Nakaseke, mwanamke alifika na uchungu, na muuguzi aliyempokea akatambua kwamba mtoto amekwama na kwamba anahitajika daktari. Daktari aliyepaswa kuwepo hakuwepo. Saa zikapita, kizazi kikapasuka, mwanamke akafa. Familia yake, ikisaidiwa na CEHURD, shirika la kutetea haki za afya, iliishtaki halmashauri ya wilaya badala ya kuhangaika na muuguzi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliona kwamba kutokuwepo kwa daktari kulikuwa uzembe, na kwamba wilaya iliyomwajiri inawajibika. Ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 35 za Uganda. Utambuzi wa muuguzi ulikuwa sehemu ya nguvu ya shauri hilo: aliona, na aliyetakiwa kuja hakuja. Fundi alikuwa na mtu wa namna hiyo. Akambandika ukutani kwa dunia nzima.

Baada ya kutoka polisi, Fundi akaanza mtindo wa nenda-rudi. Alikwenda kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, akapokewa vizuri, akapewa kiti. Akaambiwa jambo lake linafanyiwa kazi. Akarudi baada ya mwezi, Mfawidhi yuko semina. Akarudi, yupo, na jambo bado linafanyiwa kazi. Alipanda hadi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, akaambiwa ashuke kwa Mfawidhi. Katika safari zote hizo hakuandika hata mstari. Mtu anayemtolea mteja wake risiti ya plagi alifanya jambo zito kuliko yote maishani mwake kwa mdomo.

Kwa nini? Nadhani kwa sababu hospitali ni mahali tunapokwenda tukiwa tumeomba. Tunaingia na "shikamoo daktari," tunasubiri, tunashukuru. Mtu hamwandikii barua rasmi anayemwomba. Kuandika kunaonekana ukorofi, kama vile kumpelekea baba mkwe hati ya madai. Na Mfawidhi, ambaye huenda si mtu mbaya, hana sababu ya kulichakata jambo ambalo kiofisi halijafika: halina namba ya kupokelewa, halina tarehe, halina nakala. Akistaafu kesho, mrithi wake hatakuta chochote.

Barua ya ukurasa mmoja ingetosha. Jina la mama, tarehe na saa ya kulazwa, namba ya faili iliyoko kwenye kadi, kilichotokea, na ombi la nakala ya faili lote pamoja na karatasi ya leba. Inapigwa nakala mbili. Moja inabaki masjala. Ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, inasainiwa, inarudi kopo la maziwa. Kama hakuna jibu, barua ya pili inataja tarehe ya kwanza. Malalamiko dhidi ya daktari yanapokewa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Dhidi ya muuguzi au mkunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya hayalipi fidia, na wapo wanaoyaona kama wenzao kwa wenzao wakisameheana. Lakini yana uwezo wa kudai maelezo kwa maandishi, na maelezo yaliyoandikwa mapema ni vigumu kuyageuza baadaye.

Fundi alikuwa na tumaini lingine ambalo halikuwa na msingi: kwamba hospitali yenyewe itakaa kikao, ijichunguze. Vikao vipo. Kifo cha mama mjamzito au cha mtoto mchanga hujadiliwa na wahudumu, sababu zikapangwa, mapengo yakatajwa. Utaratibu huo una busara yake: hautafuti wa kumfunga, unatafuta kisababishi, kwa sababu mhudumu anayeogopa kufukuzwa huficha. Sina ugomvi na hilo. Ninachokigombea ni kwamba familia haimo chumbani wala haipelekewi majibu, na kwamba utaratibu umewekwa kwa ajili ya vifo. Mtoto wa Fundi aliishi. Kwenye takwimu za mwaka ule alihesabiwa upande wa mafanikio.

Na mafanikio yapo, tusiyakane. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi Tanzania vikiwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. Wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Tuliwaambia wanawake waache kuzalia nyumbani, na wametii. Sasa wako mikononi mwetu, kwa hiyo swali la nani anajibu mambo yakiharibika haliwezi tena kuachwa kwa mashangazi.

Miaka mitatu na miezi kadhaa ilipita. Mtoto alikuwa analishwa uji kwa kijiko akiwa ameegemezwa, na mama yake alikuwa ameacha biashara ya maandazi ili amshike. Ni mama, si Fundi, aliyesikia redioni kuhusu msaada wa kisheria, akafunga safari na mtoto mgongoni hadi mjini, ofisi ya wakili asiyetoza. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akaandika bila kusema.

Habari aliyompa ilikuwa na pande mbili. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania Bara, madai ya madhara kama haya hufunguliwa ndani ya miaka 3. Wazazi, kwa madai yao wenyewe, walikuwa wamechelewa. Lakini mtoto ana madai yake, na kwa mtoto saa ya sheria haianzi kuhesabu mpaka afikie utu uzima. Mzazi anaweza kumfungulia shauri wakati wowote kabla ya hapo. Mama alishusha pumzi. Wakili akamwambia asishushe kwanza. Sheria inamsubiri mtoto, faili halimsubiri.

Barua ya wakili ilijibiwa baada ya wiki nyingi. Masjala ilihamishwa mwaka uliopita kupisha ujenzi. Faili lilitafutwa, halikuonekana. Kilichopatikana ni mstari mmoja kwenye rejista ya leba: jina, saa ya kuzaliwa, uzito, Apgar, sahihi isiyosomeka. Labda lilipotea kweli. Mvua, panya na uhamisho vimekula mafaili mengi yasiyo na siri yoyote. Ubaya ni kwamba baada ya miaka mitatu hakuna tena anayeweza kutofautisha faili lililopotea na faili lililopotezwa.

Ndani ya faili hilo kulikuwa, au kulipaswa kuwa, karatasi ambayo familia nyingi hazijawahi kuisikia. Inaitwa patografu. Ni mchoro wa miraba midogo. Nesi anaweka alama ya X kuonyesha njia imefunguka kiasi gani, kila baada ya saa nne. Duara kwa kichwa cha mtoto kinavyoshuka. Nukta kwa mapigo ya moyo wake, yanayosikilizwa kila nusu saa na kutarajiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mchoro uliozoeleka miaka mingi una mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari, unapanda sentimita moja kila saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa nne kulia kwake. X ikiuvuka huo wa pili, muda wa kungoja umekwisha. Mwenye mamlaka ya kuamua upasuaji anatakiwa awe amesimama pale. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya iliyoachana na mistari hiyo, lakini kazi yake ni ile ile: kumlazimisha mtu aone saa zinavyokwenda. Wala patografu si msahafu. Wahudumu wenyewe wanajua kwamba mara nyingine hujazwa mama akishajifungua, nukta zikapangwa kama shanga, zote 140. Hata hivyo karatasi iliyoghushiwa nayo ni ushahidi, ukiwa nayo.

Wakili alimwita mkunga mstaafu aliyekuwa akimsaidia kusoma mafaili. Bibi huyo alitoa patografu tupu mkobani, akavaa miwani, akamgeukia mama.

"Mwanangu, ulipofika walikwambia ngapi?"

"Tano. Saa mbili usiku."

Akaweka X. "Kisha?"

"Saba. Saa sita. Nilisikia kengele ya mlinzi."

Akaweka X, tayari iko kulia kwa mstari wa kwanza. "Kisha?"

"Nane. Adhana ilikuwa bado. Saa kumi."

Bibi aliweka X ya tatu polepole, akashuka na rula kuhesabu saa. Ilikuwa ng'ambo ya mstari wa pili. Mtoto alizaliwa saa tatu asubuhi. Kati ya alama ile ya penseli na kuzaliwa kulikuwa na saa tano. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, mwanamke huyu alionyeshwa jambo kuhusu usiku ule lisilokuwa mapaja yake. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuichukua ile karatasi akamwonyeshe mama mkwe.

Mahakamani, hata hivyo, mchoro wa penseli kutokana na kumbukumbu ya mama mwenye uchungu una uzito mdogo, na wakili hakumficha. Mdai lazima aonyeshe kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake, kwamba iliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha dhara hili na si jingine. Hatua ya kwanza ni rahisi. Ya tatu ndipo mashauri mengi ya uzazi yanapofia, kwa sababu inahitaji daktari asimame aseme kwamba mtoto angetolewa saa kumi na moja alfajiri angekuwa mzima. Madaktari hawapendi kusimama dhidi ya wenzao, na asiye na faili mkononi ana udhuru mzuri wa kukataa: atolee maoni nini?

Ndiyo maana shauri la Bungoma, Kenya, linastahili kusomwa na kila mwenye uchungu wa namna hii. Agosti 2013, miezi michache baada ya serikali kutangaza kujifungua bure, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya wilaya, vitanda vikiwa vimejaa. Dawa aliagizwa anunue mwenyewe, hiyo bure ikiwa bado mbichi. Alikuwa amezimia, na alipozinduka alikuta wauguzi wakimtukana na kumpiga kwa kuchafua sakafu. Mtu aliyekuwepo alirekodi, na picha hizo zikaonyeshwa nchi nzima. Hapo ndipo tofauti na Fundi inapoanza. Picha zile hazikuishia kuwa za kulaani watu wawili. Zilipelekwa mahakamani pamoja na ombi la kikatiba, kwa msaada wa wanasheria wa haki za uzazi, na walioshtakiwa ni pamoja na serikali ya kaunti na ya kitaifa. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba utu wa mwanamke yule ulivunjwa, na kwamba serikali hizo mbili hazikuweka mikakati wala usimamizi uliohitajika kwa huduma iliyotangazwa. Akaamuru aombwe radhi rasmi na alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya.

Wapo watakaosema basi jibu ni kurekodi kila kitu. Sikubali moja kwa moja. Wodi ya wazazi ina wanawake wengine, wako utupu, hawajaombwa ruhusa. Nguvu ya shauri lile ilikuwa mahali picha zilipofikishwa, na kwamba aliyedhulumiwa mwenyewe alikuwa tayari kusimama nyuma yake kwa miaka.

Miaka yenyewe nayo isidharauliwe. Kule Uganda, wanawake wawili walifariki wakijifungua, mmoja Mityana mwaka 2009, mwingine Arua mwaka 2010. Familia zao na wanaharakati waliwasilisha ombi Mahakama ya Katiba mwaka 2011. Mwaka 2012 likatupwa, majaji wakisema ni jambo la kisiasa la mgawo wa bajeti, si lao. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, rudini mkalisikilize. Agosti 2020 ndipo Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba serikali ilikuwa imekiuka haki kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, na ikaamuru familia zilipwe. Miaka tisa. Kuna mtoto aliyezaliwa mwaka wa ombi akawa darasa la tatu kabla ya hukumu. Familia isiyoambiwa hili mapema hukata tamaa mwaka wa pili na kudhani ni yao tu iliyopuuzwa.

Turudi kwa Fundi, ambaye sasa alikuwa amekaa pembeni ya mkewe ofisini kwa wakili, kofia magotini. Wakili alimweleza kwamba anayedai dhidi ya Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Akamweleza kwamba faili halipo, kwamba fomu ya ruhusa na mstari wa rejista vipo, kwamba daktari wa watoto wa mkoa yuko tayari kueleza alichokiona kwa mtoto. Kisha akauliza kuhusu nesi wa usiku ule. Patografu pekee iliyobaki, alisema, imo kichwani mwake. Anajua alipima saa ngapi. Anajua alimpigia nani, mara ngapi, na aliambiwa nini.

Fundi aliangalia sakafu. Ikabidi mkewe amsimulie wakili habari ya picha.

Wakili hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye, Fundi, asiende. Mama ndiye aliyekwenda, kwa daladala mbili na bodaboda, hadi zahanati ile. Alimkuta nesi anachanja watoto, akapanga foleni na wengine, mwanawe mgongoni. Zamu yake ilipofika nesi alimtambua mtoto kabla ya mama, akamgusa shingo kama alivyofanya yule daktari wa mkoa, akajua. Alimwambia asubiri chanjo ziishe.

Walizungumza nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji. Nesi alisema alipiga simu alfajiri ile zaidi ya mara moja na aliambiwa "mwangalie kwanza." Alisema yeye mwenyewe angepaswa kuandika ripoti asubuhi ile ile, na hakuandika, kwa sababu aliyetakiwa kuipokea ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu. Alisema watoto wake waliulizwa shuleni kama mama yao ni muuaji.

Mama alimwomba radhi kwa ajili ya mumewe. Nesi akaikubali yake, akasema ya mumewe itakuja na mumewe. Kisha mama akauliza alilotumwa kuuliza.

"Dada, nikiletewa wito wa mahakama nitakwenda na nitasema niliyoyaona, yangu na yao," nesi akamjibu. "Kuandikia wakili wenu karatasi leo, hapana. Nina kazi na nina watoto. Mlipokuwa na hasira hamkuniuliza."

Wakili aliposimuliwa alisema linatosha, maana wito haupatikani bila shauri kufunguliwa, na shauri halifunguliwi bila notisi. Akaipiga chapa siku hiyo. Walalamikiwa waliotajwa ni mwajiri wa daktari na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jina la nesi halikuwemo. Fundi aliipeleka mwenyewe, nakala nne, na alikataa kuondoka dirishani mpaka yake ilipogongwa muhuri.